Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu CAMRA, baa za Uingereza na bia ya pipa

Nimeamua kuyaweka yote sehemu moja manake nimechoka kujibu WhatsApp saa sita usiku. Niko Uingereza miaka kumi na kitu sasa, kadi ya uanachama ninayo kwenye waleti, na kila nikirudi nyumbani Kilimanjaro shangazi lazima aniulize mbele za watu kama ni kweli nimejiunga na chama cha walevi. Haya, twende.

Kwani CAMRA ni nini hasa?

Ni kampeni ya wanywaji, sio ya wauzaji. Kirefu chake ni Campaign for Real Ale, kampeni ya kutetea bia ya kienyeji ya Waingereza, ile mi naiita bia ya pipa. Inaendeshwa kwa ada za wanachama, na wanachama wenyewe wamepita laki moja. Makao makuu yako mji wa St Albans, kaskazini ya London, ila kazi kubwa inafanyika kwenye matawi na watu wanaojitolea, wastaafu wengi, walimu, mafundi bomba, na mimi.

Inafanya siasa ila sio chama cha siasa, haisimamishi mgombea. Leo wanakaa na wabunge wa Conservative, kesho Labour, keshokutwa wale wa SNP kule Scotland, yeyote atakayepiga kura upande wa baa ndo rafiki wa wiki hiyo.

Ilianzaje?

Machi 1971 vijana wanne kutoka kaskazini magharibi ya Uingereza, Michael Hardman, Graham Lees, Bill Mellor na Jim Makin, walikuwa likizo Ireland, wakafika baa ya Kruger's huko Dunquin, Kerry, mwisho kabisa wa nchi ambapo mbele ni bahari tu. Wakawa wanalalamika jinsi bia ya kwao ilivyoharibika, si unajua malalamiko ya kaunta, ila hawa walianzisha chama hapohapo. Jina la kwanza lilikuwa refu, lilisema habari ya kuihuisha bia, gumu kulitamka hata kabla hujanywa, 1973 wakalibadili likawa hili la sasa, herufi zikabaki zilezile.

Walichokuwa wanalalamikia ni hiki. Miaka ya 60 viwanda vilimezana mpaka yakabaki makampuni makubwa sita, Allied, Bass Charrington, Courage, Scottish & Newcastle, Watney Mann na Whitbread, na makampuni hayo yalikuwa yanatengeneza bia NA kumiliki baa kwa maelfu. Kwao bia ya kegi ilikuwa rahisi, inachujwa, inauliwa chachu, inasukumwa na gesi, haiharibiki, haihitaji mtu anayejua kazi. Basi wakawa wanaondoa mapipa wanaweka kegi, na wewe mnywaji hakuna aliyekuuliza.

Bia ya pipa ni ipi na kegi ni ipi, si zote bia?

Wachaga mtanielewa haraka. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ukiitoa kwenye pipa bado inafanya kazi, unaiona inatoa povu, jana tamu, leo nzuri, kesho kali, keshokutwa siki. Ipo hai. Sasa bia ya pipa ya Kiingereza ni hivyohivyo, inatoka kiwandani haijamaliza kuiva, chachu ikiwa hai humohumo, inamalizikia kuiva kwenye sela ya baa, kile chumba cha baridi cha chini, na inatolewa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi ya chupa. Kimea cha shayiri kinashika nafasi ya ulezi wetu, na hopsi, maua ya mmea fulani wa kutambaa, zinaleta uchungu kama gamba la msesewe kwenye mbege. Shangazi nilimweleza hivi akanyamaza kidogo kisha akasema "kumbe wana akili".

Nieleze kazi yenyewe nilivyofundishwa na mama mwenye baa ya mtaani kwetu. Pipa la kawaida linaitwa firkin, galoni 9, pinti 72, yaani glasi kubwa 72. Linalazwa kwenye kitanda chake sela, joto kama digrii 11 hadi 13, halitikiswi. Juu kuna tundu, unapigilia kijiti laini, na kijiti hicho kinapumua, unasikia sssss na povu linachomoza pembeni yake kama mate ya mtoto, unalifuta, linarudi, unalifuta. Likitulia unaweka kijiti kigumu kuzuia pumzi isiishe. Chachu inazamishwa chini na dawa inayotokana na kibofu cha samaki, haya haya wenzetu wa Mwanza wanayaita mabondo (ndo maana wasiokula nyama huuliza kwanza, na siku hizi viwanda vingine vimeacha kuitumia). Siku ya pili unachota kidogo kwenye glasi, unaipeleka kwenye taa, unanusa, ndo unaruhusu iuzwe. Na ukishaifungua una kama siku tatu tu. Baada ya hapo hewa imeingia, inakuwa flati, halafu inakuwa siki.

Shikeni hiyo SIKU TATU, majibu mengine yote yanatoka hapo.

Mbona wanakunywa bia ya moto?

Sio ya moto bana. Ni baridi ya sela. Ukiigandisha ladha inapotea, ukiipasha inakuwa kama uji. Sisi tumezoea ya friji mpaka glasi inatoka jasho, basi.

Kama ishu ni bia, hizi siasa za nini sasa, si wanywe tu?

Hapa ndo watu wengi hawanielewi. Bia ya chupa unanunua supamaketi unakaa nayo miezi. Bia ya pipa huwezi kuipeleka nyumbani ukaweka kabatini. Pinti 72 lazima ziishe ndani ya siku tatu, kwa hiyo unahitaji watu wa kutosha wanaokuja mpaka Jumatatu yenye mvua, kwa hiyo unahitaji nyumba iliyo karibu nao, na mtu wa sela anayejua kazi, na huyo mtu aweze kulipa pango na kodi na bado abakiwe na kitu. Ukiuwa baa umeuwa bia. Na baa haiuliwi na ladha mbaya, inauliwa na mkataba wa pango, na bajeti ya waziri wa fedha, na kibali cha ujenzi. Ndo maana jamaa walioanza kwa kupiga kelele kuhusu gesi leo unawakuta wanasoma sheria ya ardhi.

Hizo baa ni za nani? Nilidhani mwenye baa ni yule anayemimina.

Mara nyingi yule ni mpangaji. Nyumba ni ya kampuni, na kwenye mkataba imeandikwa bia zote utanunua kwetu, kwa bei yetu. Wanaita kufungwa, na kamba yenyewe ni hiyo. Wakati mwenzako mwenye baa huru ananunua pipa popote, wewe unanunua pipa lilelile kwa bei ya juu, ati kwa sababu pango lako ni nafuu. Wapangaji wengi watakuambia pango sio nafuu na bia ni ghali, kote kote umeliwa.

Sasa sikiliza mkasa. Mwaka 1989 serikali, baada ya uchunguzi wa tume ya kuzuia ukiritimba, ilitoa amri: kampuni ya bia yenye baa zaidi ya 2,000 ifungue nusu ya zile zilizozidi hapo, na wapangaji waliofungwa waruhusiwe kuleta angalau bia moja ya pipa kutoka nje, bia mgeni. CAMRA walishangilia, bia mgeni ilikuwa hoja yao. Afu kikatokea kitu ambacho wengi hawakukiona kinakuja. Yale makampuni yakaona bora kuuza baa kwa mafungu, na wakanunua matajiri wasio na kiwanda hata kimoja. Hao hawapiki bia kwa hiyo ile amri haikuwagusa, ila kamba waliendelea nayo, tena wengine waliivuta zaidi kwa sababu walikuwa na madeni ya kununulia. Amri yenyewe ikafutwa 2003. Kwa maoni yangu hili ndo somo gumu kuliko yote waliyopata, ulipigana na simba ukashinda ukakuta umemfungulia mlango fisi.

Ikachukua miaka. Tarehe 18 Novemba 2014 mbunge Greg Mulholland alileta marekebisho bungeni, serikali ikayapinga, na serikali ikashindwa, kura 284 kwa 269. Sheria ikapita 2015, kanuni zikaanza kazi 2016: kampuni yenye baa 500 au zaidi zilizofungwa lazima imtendee mpangaji haki, na katika nyakati fulani mpangaji anaweza kusema mi nataka kulipa pango la soko tu, bia nitanunua nitakako. Kuna na msuluhishi wa serikali. Wapangaji bado wanalalamika kwamba njia ya kufika hapo ina vikwazo vingi, na wanalalamika kihalali. Scotland wakatunga ya kwao 2021.

Na kodi je?

Mwaka 2008 serikali iliamua kodi ya bia ipande kila mwaka kwa mfumuko wa bei pamoja na asilimia 2 juu yake, automatiki kama lifti. CAMRA na viwanda wakakusanya saini mtandaoni, zikavuka laki moja, bunge likalazimika kujadili mwishoni mwa 2012, wanywaji wakaenda Westminster kuonana na wabunge wao ana kwa ana. Bajeti ya 2013 waziri wa fedha George Osborne akaifuta hiyo lifti na akapunguza peni moja, senti yao ya Kiingereza, kwa pinti. Peni moja! Watu wanacheka, ila ulipokuwa unapanda kila mwaka na ghafla ukashuka hata hatua moja, unajua mguu umeguswa.

Nyingine ni ya 2002, Gordon Brown, waziri wa fedha wa wakati huo, alipunguza kodi kwa viwanda vidogo, vile vidogo kabisa vikawa vinalipa nusu, na hapo ndo vikaota viwanda kwenye magereji na mabanda ya ng'ombe nchi nzima.

Na hii ya karibuni mi naipenda kwa sababu inaonyesha kampeni inavyofanyika kwa vitu vidogo. Serikali 2021 ikasema bia inayotolewa kwenye pampu ya baa italipa kodi ndogo kuliko ya supamaketi. Safi sana. Ila rasimu ikasema chombo kiwe zaidi ya lita 40. Ukisoma haraka unapita tu. Kumbe viwanda vidogo kibao vinatumia vyombo vya lita 20 na 30, wangebaki nje na wakubwa ndo wangekula. Kelele zikapigwa, ikashushwa mpaka lita 20, na ilipoanza Agosti 2023 punguzo likawa asilimia 9.2. Hakuna maandamano, hakuna bendera, ni watu waliosoma ukurasa wa katikati ambao wengine hawakuusoma.

Baa ya mtaani kwetu inauzwa, tunaweza kufanya kitu?

Mnaweza, kama mko England, na mkifanya MAPEMA. Mi habari ya baa yetu niliiona kwenye nguzo ya taa. Karatasi moja imefungwa kwa vile vikamba vya plastiki, imelowa, wino umechuruzika, inasema kuna maombi ya kubadili jengo kuwa fleti. Nilikuwa nimepita pale siku nne naenda kazini sijaisoma. Kwa hiyo kwanza someni nguzo.

Pili, sheria ya 2011 inaruhusu jamii kuomba jengo liandikwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Anayeomba inaweza kuwa baraza la kijiji au kikundi chenu tu, hata kisichosajiliwa, ila kiwe na watu 21 walioko kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo au halmashauri jirani. Na hapa ndugu zangu msikilize: Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kuandikishwa kwenye hilo daftari hata kama hana pasi ya Kiingereza, kwa sababu nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola. Ndugu wa Kongo na Burundi kwa England hilo halipo mpaka wapate uraia. Sisi tulikuwa na majina 19, yule kaka wa Kenya anayefanya delivari na mke wake ndo walikamilisha 21, na mpaka leo hanunui bia yake ya kwanza pale.

Halmashauri ina wiki 8 za kuamua. Likikubaliwa jina linakaa miaka 5, na mwenye jengo akitaka kuuza lazima aseme, mnapewa wiki 6 za kuamua kama mna nia, na mkiwa na nia mnapata miezi 6 ya kutafuta hela. Msijidanganye lakini, halazimiki kuwauzia ninyi. Mnanunua muda tu. Ila muda ni mali, Ivy House kule Nunhead, London, ilikuwa baa ya kwanza nchini kupata hilo jina, wakazi zaidi ya 300 wakachangia hisa, wakaifungua 2013 kama ushirika wao.

Na wakiibomoa usiku?

Wamefanya. Carlton Tavern, Maida Vale, London, Aprili 2015, jengo la miaka ya 1920 lililopona mabomu ya Hitler, wakati taasisi ya urithi inafikiria kulipatia ulinzi wa kisheria, tingatinga likaja bila kibali likaliangusha. Halmashauri ya Westminster ikamwambia mwenye nalo alijenge upya kama lilivyokuwa, akakata rufaa, akashindwa, na Aprili 2021 likafunguliwa tena. Nimeenda kuliona. Nilipapasa ukuta kama mjinga, huwezi kujua.

Kisha Crooked House, Himley karibu na Dudley, jengo la 1765 lililopinda kwa sababu ya machimbo ya makaa chini yake, watoto walikuwa wanaweka gololi juu ya meza inaonekana inapanda mlima. Liliungua Agosti 5, 2023, na tarehe 7 likawa limeshabomolewa. Februari 2024 halmashauri ikatoa amri lijengwe tena.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi, baa kugeuzwa duka au kubomolewa mara nyingi haikuhitaji kibali kabisa. Mei 2017 mlango huo ulifungwa kwa England, saivi lazima uombe, na ukiomba majirani wana haki ya kupinga. Huo ushindi hauna picha nzuri ya kuweka Facebook, ila nauona mkubwa kuliko ile peni moja.

Ni kweli wanagombana kuhusu povu?

Kweli kabisa. Pinti ni mililita 568, mwongozo wa wenye viwanda unasema bia yenyewe isipungue asilimia 95, mengine povu, na ukiomba kuongezewa wakuongezee. CAMRA wanataka pinti iwe pinti. Watu wa kaskazini wanataka povu lao zito, watu wa kusini wanataka glasi ijae. Msiniingize.

Wameshinda kila kitu basi?

Wapi. Mwaka 1973 waliandamana mji wa Stone kutetea kiwanda cha Joule's, mwaka uliofuata kikafungwa vilevile. Baa zinaendelea kufungwa, umeme umepanda, vijana hawanywi kama zamani, supamaketi inauza bei ya maji. Na ndani kwa ndani wanapigana wenyewe, 2018 uongozi ulitaka kupanua malengo ili wawasemee wanywaji wa bia nyingine nzuri pia, ilihitajika asilimia 75 ya kura, wakapata 72.6. Wazee walisema mkianza kutetea kila kitu mtakuwa hamtetei kitu. Mi nilipigia ndio. Ila nawaelewa.

Mtu mweusi ukiingia wanakuangaliaje?

Mara ya kwanza, baa moja ya kijijini sitaitaja, maongezi yalikata kama redio iliyochomolewa. Niliagiza, nikakaa, nikatoka, sijarudi pale. Ya mtaani kwetu ilikuwa tofauti, mzee mmoja aliniuliza natoka wapi, nikasema Moshi, akasema alipanda mlima 1988 na magoti yake hayajamsamehe. Kwenye chama wamejitahidi, 2019 walikataza kwenye tamasha lao kubwa bia zenye majina na picha za kudhalilisha wanawake. Bado mikutano mingi ni ndevu nyeupe. Jamani njooni tuchanganyike.

Sinywi pombe, inanihusu?

Baa yetu asubuhi kuna chai na akina mama na watoto, Alhamisi kuna darasa la kusoma. Yule mlokole wa kanisani kwetu alisaini fomu, akasema yeye hatetei bia anatetea paa.

Na kwetu mbona hakuna kitu kama hiki?

Hapo huwa nasononeka kidogo. Mbege, ulanzi, busaa, zote hizo zipo hai na zimetengenezwa na watu wetu, lakini sheria huwa inazikuta kwenye msako. Kenya walijaribu, sheria ya 2010 ilihalalisha chang'aa kwa masharti, ila masharti ya leseni na chupa mama wa mtaani atayatoa wapi. Na ukitaka kuona kodi inavyofanya kazi angalia Senator kegi, bia ya bei nafuu ya Kenya, serikali ilipokata msamaha wa kodi 2013 bei ikaruka na wanywaji wakarudi kwenye za magendo, 2015 wakaurudisha sehemu kubwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba huku mnywaji ana chama kinachomwandikia mbunge, kwetu kiwanda kinaongea, serikali inaongea, mnywaji na mpishi wanasubiri polisi.

Nimekuja Uingereza, nianzie wapi?

Ingia baa yenye pampu ndefu za mkono kaunta. Uliza "ipi imefunguliwa leo?", mwenye kujua atakuonyesha bila kufikiri. Omba kuonja, baa nyingi watakupa kidogo bure. Ikinuka siki au ikiwa na ukungu ambao haukutarajiwa, irudishe kabla hujafika nusu, kwa upole, watabadilisha bila ugomvi. Ukifika nusu ukarudisha, hata mimi nitakucheka.